Pamba Kabla ya Maji

Mwulize kijana aliyemaliza kidato cha nne Vita vya Maji Maji vilihusu nini, naye atakutajia Kinjikitile Ngwale, dawa ya maji, na risasi za Mjerumani zilizokataa kugeuka maji. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linaanzia katikati ya habari. Masimulizi ya wazee wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, yanaanzia shambani. Mwishoni mwa Julai 1905 wanaume wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, pamoja na mwanamke mmoja, Nantabila Naupunda, waliingia katika shamba la pamba la serikali wakang'oa mashina matatu. Kwa tendo hilo vita vilikuwa vimetangazwa.

Kwa nini pamba? Mbona hawakuanza na boma, au nyumba ya akida, au maduka ya pwani? Hayo yote yalifuata, tena upesi, lakini yalifuata. Walioamua kupigana walijua vizuri ni kitu gani kilichowatesa, wakakianza hicho.

Swali hili la pamba linatutoa Kilwa na kutufikisha Java na Bengal, kwa sababu Wamatumbi hawakuwa wakulima wa kwanza kukutana na ukoloni uliokuja kwa sura ya mmea. Kwa zaidi ya miaka mia moja himaya za Ulaya zilipokezana desturi moja: kumlazimisha mkulima apande asichokila, auze kwa bei asiyoipanga, na alime katika udongo wa mababu zake kwa amri ya mtu wa mbali. Ninaamini kwamba mapambano mengi tuliyozoea kuyaita ya kishirikina, ya kidini au ya kikabila yanaeleweka vizuri zaidi tukiyasoma kama ugomvi juu ya shamba. Katika Afrika Mashariki hakuna mfano mkubwa kuliko Maji Maji.

Tuangalie kwanza hesabu ya mtawala. Koloni lilitakiwa lijilipie gharama zake na libakize faida. Kununua mazao kwa bei ya haki kulibakiza kidogo mno. Kufungua mashamba makubwa kulitaka mtaji, wasimamizi, mishahara, na moyo wa kuvumilia hasara mvua ikikosekana. Njia ya tatu ndiyo iliyowapendeza zaidi: mwache mkulima kijijini kwake, na ardhi yake na jembe lake, kisha mwamuru apande unachotaka. Ukame ukija ni wake. Wadudu wakishambulia ni wake. Bei ikianguka Liverpool au Hamburg, hasara inashuka hadi mlangoni kwake. Faida pekee ndiyo inayopanda meli.

Java ndiko mbinu hii ilikopewa umbo la serikali. Mwaka 1830 Waholanzi walikuwa wametoka katika vita vya miaka mitano na Mwanamfalme Diponegoro, ambaye hatimaye walimkamata kwa hila mjini Magelang alipokuja kwenye mazungumzo. Hazina ilikuwa tupu, na huko Ulaya Ubelgiji ulikuwa unajitenga na Uholanzi. Gavana Mkuu Johannes van den Bosch akaagiza kila kijiji kitenge sehemu ya tano ya ardhi yake kwa mazao ya kuuzwa Ulaya, yaani kahawa, miwa na nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, na mazao hayo yahesabiwe badala ya kodi ya ardhi. Kwenye karatasi mpango ulionekana nafuu. Vijijini kipimo kilivukwa, siku za kazi zikaongezeka, na machifu pamoja na maofisa wakawa wanalipwa asilimia kwa kila mzigo uliofika ghalani, kwa hiyo kila mwenye fimbo alikuwa na sababu ya kuitumia. Katika miaka ya 1840 njaa iliingia Cirebon, kisha Demak na Grobogan, katika kisiwa ambacho mpunga wake ulikuwa ukilisha watu tangu enzi. Kati ya 1831 na 1877 hazina ya Uholanzi ilipokea kutoka huko zaidi ya gulden milioni 800.

Kwa Bengal nitakaa zaidi, kwa sababu huko wakulima walishinda, na namna walivyoshinda inatufundisha jambo juu ya Umatumbi.

Waliotaka nili ya Bengal walikuwa mabepari binafsi, wengi wao Waingereza, waliojenga viwanda vya kukamulia rangi katika wilaya kama Nadia na Jessore. Mkulima, ambaye huko huitwa raiyati, alipewa karadha mwanzoni mwa msimu. Akiipokea amejifunga kupanda nili katika sehemu bora ya shamba lake, ileile iliyofaa mpunga. Majani yalipofika kiwandani yalipimwa na watu wa kiwanda, kwa kipimo cha kiwanda, kwa bei ya kiwanda. Zikikatwa gharama za mbegu na usafiri, mkulima alirudi nyumbani na deni, na deni hilo lilirithiwa na mwanawe. Aliyesita alitumiwa wapiga rungu wa kukodiwa, au alifungiwa ghalani mpaka akubali. Wakati huohuo, katika miaka ya 1850, bei ya mchele ilikuwa inapanda. Kila eka ya nili ikawa ni mchele aliouona ukimponyoka.

Mnamo Machi 1859 maelfu ya raiyati walikataa kupanda. Katika kijiji cha Chaugacha, Digambar Biswas na Bishnucharan Biswas waliwaongoza wenzao na kukodi wapiga rungu wao wenyewe ili kujibu mapigo. Vijiji vilijilinda kwa mikuki na matofali, na wanawake wakatoka na vyombo vya jikoni. Waliomfanyia kazi bepari wa nili walitengwa, hakuna aliyetaka kushirikiana nao. Mwaka huohuo Ashley Eden, hakimu wa Barasat, alitoa tangazo kwamba sheria haimlazimishi mkulima kupanda nili. Habari za tangazo hilo zilienea vijijini haraka kuliko wakubwa wake walivyopenda.

Kisha kikatokea kisa ambacho kila ninapokisoma kinanigusa upya. Septemba 1860 Naibu Gavana wa Bengal, John Peter Grant, alikuwa safarini kwa boti katika mito ya Kumar na Kaliganga. Kwa mwendo wa maili 60 au 70 alikuta kingo zote mbili zimejaa watu waliosimama wakimsubiri apite, wanaume na wanawake, kijiji baada ya kijiji, wakiomba haki juu ya nili. Hawakurusha jiwe. Grant aliandika kwamba umati kama ule, uliotulia na kujipanga namna ile, ulipaswa kupewa uzito na serikali. Alikuwa na akili. Miaka 3 tu ilikuwa imepita tangu uasi mkubwa wa 1857 uliokaribia kuung'oa utawala wa Waingereza kaskazini mwa India, na hakuna aliyetaka kuuona tena, safari hii Bengal.

Tume iliyoundwa mwaka huo wa 1860 ilisikiliza mashahidi na kuwatia hatiani mabepari kwa mabavu waliyoyatumia. Mkulima akaambiwa amalize mkataba alioingia, lakini baada ya hapo hakuna wa kumlazimisha. Dinabandhu Mitra akaandika tamthilia ya Nil Darpan juu ya mateso ya wakulima. Mmisionari James Long alipochapisha tafsiri yake ya Kiingereza, mabepari walimshtaki, na mwaka 1861 akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 1,000. Kaliprasanna Singha, mwandishi na tajiri wa Calcutta, aliilipa faini hiyo. Biashara ya nili ya Bengal ikasambaratika.

Ushindi ulikuwa na mpaka wake. Wenye viwanda walihamia Bihar, ambako huko Champaran mkulima alilazimishwa kutenga sehemu 3 kati ya 20 za shamba lake kwa nili. Mambo yalikwenda hivyo mpaka 1917, pale mkulima Rajkumar Shukla alipomng'ang'ania Gandhi aje ajionee mwenyewe. Gandhi akaja, akaamriwa aondoke, akakataa, na kesi dhidi yake ikafutwa. Yeye na mawakili wenzake waliandika maelezo ya maelfu ya wakulima, na mwaka 1918 sheria ikalifuta shurutisho hilo. Kutoka Nadia hadi Champaran ni takriban miaka 60. Mbinu ya unyonyaji ilihama wilaya, na upinzani nao ukahama ukaifuata.

Mbinu hiyo ilihama hata mabara. Mwaka uleule Long alipofungwa, wakili wa Calcutta aitwaye J. W. B. Money alichapisha kitabu cha kuisifu Java kama kielelezo cha namna ya kuendesha koloni lenye faida. Miongoni mwa waliokisoma kwa uchu alikuwa kijana mmoja wa kifalme wa Ubelgiji. Baadaye akawa Mfalme Leopold II. Alichokitamani ni lile fungu la gulden lililokuwa likimiminika Uholanzi kila mwaka. Alipoipata Kongo mwaka 1885 zao lake likawa mpira wa mwituni, na namna alivyoukusanya, kwa mateka, viboko na mikono iliyokatwa, imeandikwa kwingi. Serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Kongo mikononi mwake haikuachana na wazo la asili. Mwaka 1917 sheria ililazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali kwa siku 60 kila mwaka, na Maniema, nchi ya wasemaji wa Kiswahili, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kupandishwa pamba.

Sasa turudi Umatumbi.

Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na bei yake ilikuwa ikiwayumbisha. Kamati ya Uchumi wa Makoloni, iliyoundwa Berlin mwaka 1896, ilitaka pamba itoke katika makoloni ya Ujerumani yenyewe. Kwanza walijaribu Togo, wakiwaita wataalamu kutoka chuo cha Tuskegee huko Alabama, watu weusi ambao wazazi wao walikuwa wamelima pamba utumwani. Mwaka 1902 zamu ikafika Afrika Mashariki. Gavana Gustav Adolf von Götzen aliagiza kila eneo la jumbe, yaani kiongozi wa kijiji, liwe na shamba la pamba la pamoja, kuanzia Dar es Salaam kushuka kusini hadi Rufiji na Kilwa.

Mpango ulisema kila mtu afanye kazi siku 28 kwa mwaka. Mtu asiyelima anaweza kuona siku 28 ni chache. Anayelima atauliza: siku zipi? Pamba hudai palizi wakati mahindi, mtama na mpunga navyo vinadai palizi. Mvua hazimsubiri mtu amalize kwa jumbe kwanza. Na katika nchi ya misitu na milima kama Umatumbi, shamba la chakula linalindwa usiku na mchana, maana nguruwe mwitu na nyani wakilikuta halina mtu, jasho la msimu mzima linakwisha kwa usiku mmoja. Wazee waliohojiwa miongo kadhaa baadaye walilalamikia jambo hilohilo: walipokuwa katika pamba ya serikali, chakula chao kilikuwa kikiliwa.

Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya rupia 3, ambayo ilimtaka mtu awe na fedha taslimu mahali ambapo fedha ilikuwa adimu. Kulikuwa pia na barabara za kutengeneza na mizigo ya kubeba. Mapato ya pamba yaligawanywa kati ya uongozi wa wilaya, jumbe na wafanya kazi, na fungu la wafanya kazi lilikuwa dogo kiasi kwamba wapo waliokataa kulipokea. Aliyechelewa shambani alichapwa kiboko, mbele ya wake zake na watoto wake. Na mwenye kusimamia yote hayo alikuwa akida, mara nyingi mtu wa pwani, Mwarabu au Mswahili, aliyewekwa juu ya watu ambao hawakumchagua wala hakuwa na ujamaa nao. Hatuna budi kulisema hili waziwazi sisi wasemaji wa Kiswahili: amri za pamba zilitolewa kwa lugha yetu.

Tofauti kubwa na Bengal iko hapa. Raiyati wa Nadia alipigana na bepari binafsi, na juu ya bepari huyo kulikuwa na serikali iliyoweza kujifanya mwamuzi. Kulikuwa na mahakama, ingawa za Waingereza. Kulikuwa na gazeti la Hindoo Patriot na mhariri wake Harish Chandra Mukherjee, aliyechapisha habari za vijijini bila kuchoka. Kulikuwa na wenye ardhi wakubwa wa Kibengali, baadhi yao wakiwachukia wazungu wa nili kwa sababu zao wenyewe, walioweza kulipa mawakili. Mmatumbi alikuwa na nini? Shamba la pamba lilikuwa la serikali. Iliyomtoza kodi ilikuwa serikali. Aliyemhukumu alikuwa ofisa yuleyule wa wilaya aliyetakiwa kupeleka pamba Dar es Salaam. Hapakuwa na mtu wa kusimama ukingoni mwa mto kumsubiri.

Nikiitazama dawa ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, kwa jicho hilo, naiona ikifanya kazi ambayo Bengal ilifanywa na gazeti, wakili na tume. Wamatumbi hawakuwa na mfalme mmoja. Kila bonde lilikuwa na watu wake. Kinjikitile alipoanza kuwapokea watu mwaka 1904, waliokwenda kwake walikuwa na sababu isiyomshtua akida: wanafuata dawa. Huko Ngarambe mtu wa Rufiji alikutana na mtu wa Kilwa, Mngindo akakutana na Mmatumbi, wakagundua kwamba pamba, kodi na kiboko vyao vilikuwa vimoja. Ujumbe ulirudi vijijini kwa minong'ono, mtu kwa mtu, na watu wa huko waliuita njwiywila. Maji yaliwaahidi kinga. Zaidi ya hapo yaliwapa kiapo cha pamoja na habari za pamoja, vitu ambavyo hakuna ukoo mmoja uliokuwa navyo. Katika muda wa wiki chache makabila zaidi ya 20, kutoka pwani ya Kilwa hadi Ungoni na Ubena, yalikuwa vitani, katika nchi isiyokuwa na simu wala gazeti mikononi mwao. Anayeliona jambo hilo kuwa ujinga wa dawa ya mganga hajajiuliza yeye mwenyewe angewaunganisha watu hao kwa njia gani.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Havikusimama. Boma la Liwale lilianguka. Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na wenzake Agosti hiyohiyo wakiwa njiani. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge mchana kweupe, wakakatwa kwa bombomu. Kutoka hapo imani juu ya maji ilianza kupungua, lakini mapigano hayakupungua. Watu walibadili namna ya kupigana, wakarudi misituni na kuvizia. Jambo hili husahaulika sana: vita viliendelea hadi 1907, muda mrefu baada ya kila mtu kuona kwamba risasi zinaua. Waliobaki vitani walikuwa wakipigania kitu kingine kuliko dawa.

Götzen alijua pia kuwa risasi hazitoshi. Vikosi vyake vilianza kuchoma vijiji, kuteketeza maghala na kukata mazao shambani, kwa uamuzi wa makusudi kwamba njaa ndiyo itakayowasalimisha watu. Wangoni walinyang'anywa viongozi wao kwa kitanzi: tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa kwa wingi mahali palipo mji wa Songea leo, na Songea Mbano mwenyewe akanyongwa baada yao. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo vya Waafrika 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka vijiji hivyo na kuwasikiliza wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

Naomba msomaji aitazame njaa hiyo kwa makini. Ugomvi ulianza kwa sababu pamba ilikuwa ikila muda wa chakula, na ukamalizwa kwa kukiteketeza chakula chenyewe. Shamba lilikuwa chanzo cha vita na silaha ya kuvimaliza. Sehemu za Liwale na kandokando ya Rufiji zilibaki tupu, msitu ukarudi, mbung'o na tembo wakafuata, na baadaye Waingereza walipopanua hifadhi ya wanyama ya Selous walikuta nchi ambayo kwa sehemu ilikuwa imekwisha kuondokewa na watu. Watalii wanaofika huko huambiwa kwamba ni pori la asili.

Hata hivyo, mashamba ya pamba ya pamoja hayakurudi. Gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, aliyeshika madaraka mwaka 1906, aliona kwamba mkulima akiuza kwa hiari yake serikali hupata zaidi kuliko akichapwa, akapambana na walowezi wa kizungu waliotaka vinginevyo. Wamatumbi walilipa gharama isiyosemeka, na kitu walichokitaka kwanza walikipata. Vitabu vinavyofunga habari hii kwa neno "walishindwa" vinaishia Mahenge.

Ng'ambo ya Ruvuma hali ilikuwa mbaya kwa muda mrefu zaidi. Wareno waliibana pamba ya Msumbiji chini ya bodi ya serikali kuanzia 1938, na ni wanawake hasa waliobeba mzigo huo, waume zao wakiwa migodini au wamekimbilia mashamba ya mkonge Tanganyika. Hakukuwa na Ngarambe huko, ila kulikuwa na ujasiri wa aina nyingine. Katika sehemu nyingi wakulima walizichemsha au kuzikaanga mbegu kabla ya kuzipanda. Afisa wa pamba alipokuja kukagua, shamba lilikuwa limelimwa vizuri, mbegu zimefukiwa kwa mistari, na hakuna kilichoota. Wakamwambia kwamba udongo wa hapa haukubali pamba. Haiwezekani kuwahesabu waliofanya hivyo, kwa sababu hila hii ilifaulu pale tu ilipobaki siri. Januari 1961 wakulima wa pamba wa Baixa de Cassanje, Angola, waligoma na kuchoma mbegu hadharani, na Wareno wakawarushia mabomu kwa ndege. Mwaka huohuo pamba ya lazima ikafutwa kisheria katika makoloni yote mawili. Vita vya FRELIMO vya kuikomboa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 vilianzia Cabo Delgado, na wengi walioviunga mkono walikuwa wametoka katika nyumba zilizoijua pamba hiyo kwa viboko.

Nyaraka za haya yote zipo. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini mwaka 1968 kukusanya kumbukumbu za Maji Maji wakati wazee walioviona vita kwa macho yao bado walikuwa hai, na mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Kazi iliyobaki ni ya darasani. Mwalimu wa historia unayesoma haya, kabla hujaandika ubaoni neno "maji", waulize wanafunzi wako shamba la jumbe lililimwa na nani, katika siku zipi za mwaka, na fedha ya pamba ilikwenda kwa nani. Wengi wao wametoka katika nyumba za wakulima, na majibu wanayo.